Juu ya nini saa sita ya usiku? Première yetu ya Machi 2018



Juzi mdogo wetu mmoja wa L1 alinisikia nikihadithia ule usiku tuliyoangalia Black Panther tukiwa chuo. Akaniangalia kwa huruma, vile mtu anaangalia babu yake. Akaniuliza: «Mukubwa, sasa juu ya nini mulikuwa munangoya saa sita ya usiku? Filme iko mu telefone, unaangalia tu saa unataka.»

Nilicheka, lakini usiku nikiwa kitandani swali likanirudia. Ni kweli, juu ya nini saa sita ya usiku? Na si sisi peke yetu. Huko Marekani, kwenye majumba ya sinema ya kweli, watu walikuwa wanakesha mlangoni wakingoja saa hiyo hiyo. Nimejaribu kulijibu swali la mdogo wetu vizuri, nitaanza na saa sita ya Wamarekani, kisha nitakuja kwa yetu ya Kadutu, ambayo sababu yake ilikuwa nyingine kabisa.

Kwanza tutofautishe vitu viwili. Kuna première ya wakubwa: zulia jekundu, waigizaji, waalikwa, wapiga picha. Black Panther ilifanyiwa hiyo Los Angeles tarehe 29 Januari 2018. Halafu kuna ile ya watu wote, yaani saa ya kwanza kabisa ambayo mtu yeyote mwenye tiketi anaruhusiwa kuingia. Hiyo ya pili ndiyo ilikuwa ya saa sita ya usiku, na sababu yake ni kavu kama karatasi ya notaire. Kampuni yenye filamu inakubaliana na majumba ya sinema tarehe ya kuitoa, na Marekani kwa kawaida ni siku ya Ijumaa. Sasa Ijumaa inaanza lini? Kwa hesabu ya kalenda inaanza Alhamisi usiku, saa sita ikishapita tu. Basi mwenye jumba anayetaka kuuza tiketi kabla ya jirani yake anafungua mlango dakika hiyo hiyo.

Teknolojia nayo inafuata kalenda. Siku hizi filamu haifiki tena kwa mikanda mizito. Mara nyingi inafika kwenye disque dure, ikiwa imefungwa kwa siri, na jumba linatumiwa ufunguo wa kielektroniki ambao ndani yake imeandikwa saa ya kuanza kufanya kazi na saa ya kuisha. Kabla ya saa hiyo kufika, mashine haionyeshi kitu, hata uibembeleze namna gani.

Lakini ukisema ni mkataba tu, bado hujaeleza watu. Mtu hakeshi nje ya mlango kwa ajili ya mkataba. Usiku ulishakuwa na desturi yake. Mwaka 1970, jumba moja la New York liitwalo Elgin lilianza kuonyesha El Topo ya Alejandro Jodorowsky usiku wa manane, filamu ya ajabu ambayo mchana isingepata watu. Mwaka 1976, kwenye jumba la Waverly la mji huo huo, ikaja The Rocky Horror Picture Show, ambayo ilikuwa imeanguka vibaya mwaka mmoja mbele yake. Usiku ikapona. Watazamaji walianza kuijibu: muigizaji anasema neno, ukumbi unamrudishia, harusi ikifika ndani ya filamu, ukumbi unarusha mchele. Muweke hilo la kuijibu filamu kichwani, nitalihitaji.

Kisha ikaja enzi ya filamu kubwa kubwa. Mei 1999, kwa Star Wars ya The Phantom Menace, kuna watu walipiga hema na kulala nje wiki nzima nzima. Julai 2011 filamu ya mwisho ya Harry Potter iliingiza dola milioni 43,5 kwa maonyesho ya saa sita ya usiku peke yake, kabla jua halijatoka. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Julai 2012, mtu mwenye silaha aliingia kwenye onyesho la saa sita la The Dark Knight Rises, mji wa Aurora, Colorado, akaua watu 12 na kujeruhi wengine wengi. Baada ya hapo makampuni yakaanza kusogeza onyesho la kwanza nyuma, Alhamisi saa nne ya usiku, kisha saa moja ya jioni. Sababu haikuwa ile tu, biashara nayo ilipenda: jioni unauza tiketi nyingi kuliko usiku. Kwa hiyo Black Panther ilipotoka Marekani tarehe 16 Februari 2018, wengi wa kwanza kule walikuwa wameshaiona Alhamisi jioni, wakala, wakalala. Saa sita ilikuwa imeanza kuwa hadithi kwao pia.

Na Afrika? Kisumu, Kenya, waliiona tarehe 13 Februari, juu ni kwao na Lupita Nyong'o, na gavana wa kule wakati ule alikuwa baba yake mzazi. Bukavu hatukuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Wazee wetu wanahadithia majumba ya sinema ya zamani; miji mingi ya Congo, majumba hayo yamekuwa makanisa ao madépôt. Sisi tulikuta salle vidéo: mabenchi, televisheni moja, groupe inayonguruma nje, na mtoto anayekusanya pesa mlangoni. Filamu mpya ilikuwa inafika pale wakati imeshaonwa na kila mtu mwenye cousin.

Sasa nije kwa saa sita yetu. Ile haikutoka kwenye mkataba wala kwenye ufunguo. Ilitoka kwenye courant.

Wengi wenu mnajua délestage kwa kuiumia, lakini hesabu yake ni rahisi. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu hapa hapa mjini, unashuka kuelekea Tanganyika. Juu yake kuna Ruzizi I, iliyojengwa mwisho wa miaka ya 1950 wakati wa Wabelgiji, yenye uwezo wa karibu megawati 30. Chini yake kuna Ruzizi II, ya 1989, karibu megawati 44, lakini hiyo tunagawana nchi tatu: sisi, Rwanda na Burundi. Upande wa pili wa hesabu weka Bukavu, mji uliochorwa kwa ajili ya watu wachache, ambao leo unakadiriwa kuwa na zaidi ya milioni moja. Jioni kila nyumba inawasha taa, inachomeka réchaud, inachaji telefone, mwenye frigo anaombea frigo. Mashine haziwezi. Basi mtaa mmoja unapewa, mwingine unakatwa. Ikifika usiku katikati, wenye bahati wameshapika na kulala, mzigo unashuka, na ndipo courant inakumbuka watu kama sisi wa kwenye mulima. Wamama wa mtaa wetu walikuwa wanaamka saa saba ya usiku kupiga pasi uniforme za watoto. Mimi nilisoma phytopathologie yote ya G2 kati ya saa sita na saa tisa ya usiku. Internet nayo ilikuwa hivyo hivyo: forfait za usiku ndizo tulizoweza kulipa, kwa hiyo kila kitu kizuri kilikuwa kinaingia mtaani wakati wa popo.

Filamu tuliipata kwa njia hiyo, usiku mbili za kudownload na kuomba. Ndiyo, ilikuwa kopi ya wizi, sitawadanganya. Ryan Coogler hakupata hata franc moja kutoka Kadutu. Ilikuwa imepigwa na mtu aliyeingia ndani ya ukumbi na kamera, nchi gani sijui, picha imeinama kidogo upande wa kushoto, na kichwa cha mtu chini kwenye kona kinachosogea kila baada ya muda. Tulikizoea. Mwisho tulikuwa tunakiita «Papa Kichwa».

Nilikuwa CP wa promotion, na CP ndiye anayesaini projecteur ya fakulte. Nikaisaini Ijumaa kwa ajili ya «exposé ya Jumatatu». Exposé ilikuwepo kweli, juu ya mosaïque ya mihogo, ila karatasi niliyosaini haikusema habari ya Wakanda. Ikiungua, nalipa mimi. Minerval yangu ilikuwa haijaisha kulipwa, baba alikuwa ameshauza mbuzi wawili mwaka ule, na lampe ya projecteur peke yake ilikuwa inapita bei ya mbuzi wengi. Nasema haya ili muelewe nilivyokaa usiku ule: wengine walikuwa wanaangalia filamu, mimi nilikuwa ninaangalia mashine.

Tulikuwa tumepanga nyumba watu watano. Waliokuja walikuwa kumi na wanne kwa jumla, ndani ya chumba ambacho vitanda vinne vilikuwa vimesimamishwa ukutani. Usiku hautembei Bukavu, kwa hiyo kila mgeni alitakiwa awe amefika mbele ya saa mbili, na akishaingia ametoka asubuhi. Wenzetu wawili wa kike walikuwa wapangaji wa parcelle hiyo hiyo, na mama bailleresse alisema kama watoto hawa wanakesha na wanaume, basi na yeye anakesha. Akaja na kitenge chake na kiti chake. Tangu saa mbili hadi saa sita tulikaa gizani, tukila mahindi, tukibishana juu ya mpira, tukingoja. Masaa mane. Nikifikiri leo, sehemu kubwa ya première yetu ilikuwa hayo masaa mane ambayo hakuna kilichoonyeshwa.

Saa sita na dakika chache ampoule ya nje ikawaka. Mtaa mzima ukapiga kelele, kama Vita wameingiza bao. Mmoja akakimbilia prise, nikamshika mkono: «Ngoya kwanza, usichomeke!» Hili ni la kujua hata leo. Courant ikirudi inarudi na nguvu ambayo haijatulia, na mara nyingine inakatika tena baada ya dakika mbili. Dawa yetu ilikuwa kuchomeka ampoule ya zamani, ile ya waya, na kuiangalia. Ikicheza, unangoja. Ikikaa na rangi moja dakika kumi, unachomeka stabilisateur, kisha mashine. Dakika kumi zile zilikuwa ndefu kuliko masaa mane. Saa sita na dakika ishirini shuka ukutani likawa la bluu, na watu kumi na wanne wakanyamaza.

Shida iliyobaki ilikuwa lugha. Kopi ilikuwa Kiingereza, na sisi Kiingereza chetu kilikuwa cha kujaza mapengo ya interrogation. Tulikuwa na rafiki mmoja wa Développement, tulimuita Kampala, juu alikulia kambi ya Nakivale kule Uganda kabla wazazi wake hawajarudi. Uganda, kwenye vibanda vya video, kuna kazi kamili ya mtu anayeitwa VJ: anakaa na micro, filamu inapita, yeye anaitafsiri kwa Kiganda papo hapo, anaongeza utani, anawapa waigizaji majina ya mtaani. Tanzania nao walikuwa na Lufufu, aliyeanza kutafsiri filamu kwa Kiswahili mbele ya watazamaji Dar es Salaam, kisha kaseti zake zikatembea. Wengine wanaona ni kuharibu filamu. Mimi nasema ndicho kile kile cha New York na mchele wao: watu wanakataa kukaa kimya mbele ya ukuta.

Kampala alikuwa ameangalia VJ tangu utoto na hakuwa na aibu. Alisimama kando ya shuka, kalamu mkononi badala ya micro. Vibranium ilipotajwa mara ya kwanza, hakufikiri hata sekunde: «Anasema coltan. Coltan yao iko mingi, lakini wameficha, bazungu hawajui.» Nyumba ikalipuka. Tangu pale hakuna aliyesema vibranium tena. Wale wanawake walinzi wa mfalme, vichwa vimenyolewa, mikuki mkononi, mama bailleresse aliwaangalia muda mrefu, kisha akasema peke yake: «Bale njo bamama!» Na kulikuwa na jambo jingine ambalo mtu wa telefone hawezi kulijua. Kwa sababu kopi ilipigwa ndani ya ukumbi, tulikuwa tunasikia watazamaji wa kule wakicheka. Wao walielewa Kiingereza, basi walicheka kwanza, Kampala akatafsiri, na sisi tukacheka sekunde tano nyuma yao. Ukumbi mbili, usiku mbili, na sisi ndio tuliochelewa tu kidogo.

Saa nane na dakika kumi, T'Challa na Killmonger wako chini kule kwenye mgodi, wanapigana, giza.

Si giza la filamu. Courant ilikuwa imekwenda.

Wote walipiga kelele moja, mimi nilipiga ya kwangu. Projecteur ile ilikuwa na lampe ya kuchemka sana. Ukiizima vizuri, ventilateur inaendelea kuzunguka mpaka lampe ipoe ndipo inasimama. Courant ikikatwa ghafula, ventilateur inakufa na moto unabaki ndani, na lampe inaweza kupasuka ao kuharibika. Niliiinamia gizani, nikaipepea na cahier ya pédologie kama mama anayepepea mtoto wa homa. Sikuwa na habari ya Wakanda tena.

Ndipo nikasikia Kampala anaendelea. Hakuna picha, hakuna sauti, yeye anaendelea tu, kama vile shuka bado linawaka. «Sasa anamushika mukono. Anamuambia: ndugu yangu, baba yako na baba yangu ni tumbo moja.» Mtu akamuuliza: «Ulishaionaka?» Akajibu: «Mimi njo niliidownload, unafikiri nini?» Basi tukamwamini. Alihadithia karibu nusu saa. Killmonger hakufa. Aliletwa mbele ya mama malkia na wazee, akahukumiwa kwa kumtupa mfalme kwenye maporomoko. Wazee wakamtoza ng'ombe. Mama bailleresse, ambaye ni wa Walungu na kwa mambo ya ng'ombe hachezi, akauliza kutoka gizani: «Ngombe ngapi?» Kampala akafikiri. «Kumi na mbili.» Mama akasema: «Zile kidogo.» Wakabishana. Zikapanda hadi ishirini, na Killmonger akapewa shamba upande wa mulima ili aanze maisha. Tukalala hapo hapo, mmoja juu ya mwingine.

Jumatatu prof alichomeka projecteur mbele ya auditoire nzima. Sekunde za kwanza hakuna kitu. Nilikuwa nimesimama na miguu haikuwa yangu. Kisha bluu, kisha jani la muhogo lenye madoa ya njano. Exposé ile nilipata 14 juu ya 20, na sikumbuki neno hata moja niliyosema.

Mwisho wa kweli niliuona mwezi wa nane, peke yangu, kwenye telefone, ndani ya gari la Uvira. Killmonger anachomwa, T'Challa anampandisha juu aone jua linazama, anamwambia pengine wanaweza kumponya, yeye anakataa, anakufa. Niliona, nikafunga telefone. Filamu ni nzuri, siisemi vibaya. Lakini nilikuwa kwenye barabara ile ya escarpement, na karibu yangu hakuna mtu wa kumwambia «aaah!». Nilikuwa na filamu nzima, picha imenyooka, hakuna Papa Kichwa. Mdogo wetu yuko na haki: kwa telefone unaangalia saa unataka. Shida ni kwamba kila mtu anataka saa yake.

Niliporudi nilimkamata Kampala. Ng'ombe ishirini zilitoka wapi? Nilidhani atanipa jibu kubwa, juu ya ndugu na ndugu, juu ya hii nchi yetu. Akaniangalia. «Nililalaka, mzee. Usiku ile ya kudownload nilianza kuangalia, usingizi ikanikamata pale pale ku mgodi. Mwisho sikuionaka.»

Tangu Februari 2025, vita ilipofika mjini, sisi kumi na wanne hatuko pamoja tena. Watatu wako Bujumbura, mmoja Lubumbashi, wanne wamebaki Bukavu, wengine hapa na pale. Wawili hatuna namba zao. Nyumba iko, ina wapangaji wengine, na mama bailleresse bado anauliza habari zetu kila nikipita. Kampala safari hii yuko Kampala kweli.

Baada ya lile swali la L1 niliandika kwenye groupe yetu ya WhatsApp. Tumekubaliana Jumamosi hii tuiangalie tena, wote wakati mmoja, na Kampala atatafsiri kwa audio. Saa sita ya usiku ya Bukavu, ambayo ni saa saba kwa mtu wa Kampala. Wa Bujumbura na Lubumbashi wako na saa yetu. Amesema hataangalia mwisho kabla. Mimi nitakuwa kwa mama bailleresse, maana ameshaniagiza nilete telefone yenye sauti kubwa, na power bank, juu courant ya siku hizi mnaijua.